Vitamini C katika ukuaji wa mazao: kazi yake ndani ya mmea na mipaka ya kuitumia shambani

Na Mwandishi Wetu

Vitamini C, kwa jina la kikemia asidi ya askobiki, inafahamika kwa wananchi walio wengi kama kinga dhidi ya kiseyeye na kama kidonge cha kutafuna wakati wa mafua. Jina hilo limeingia pia katika kilimo. Hutajwa katika baadhi ya vichocheo vya ukuaji vinavyopulizwa kwenye majani, vile ambavyo wakulima wetu huviita busta, na hutajwa katika idadi kubwa ya tafiti kuhusu mazao yanayokabiliwa na chumvi, ukame au joto kali. Mkulima anayesikia habari hizo ana haki ya kuuliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba vitamini C husaidia mmea kukua? Na ikiwa ni kweli, je, inafaa ainunue?

Majibu ya maswali hayo hayafanani. La kwanza jibu lake ni ndiyo, bila shaka yoyote. La pili hutegemea hali ya shamba lenyewe, na kwa mashamba mengi yapo mambo ya kutanguliza kabla ya kufikia dawa hii. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Mmea hujitengenezea wenyewe

Binadamu, pamoja na nyani na sokwe, hana uwezo wa kutengeneza vitamini C mwilini. Ni lazima aipate katika chakula. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga walitokwa damu kwenye fizi na wengi wakapoteza maisha. Mwaka 1747 James Lind, tabibu katika jeshi la majini la Uingereza, aliwagawa mabaharia wagonjwa 12 katika makundi ya watu wawili wawili na kulipatia kila kundi tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Kiini cha tiba hiyo kilikuja kutengwa mwaka 1928 na mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1937.

Mimea haina upungufu huo. Kila mmea wa kijani hutengeneza vitamini C yake kutokana na sukari inayozalishwa kwenye majani. Jinsi mimea inavyofanya kazi hiyo haikujulikana vizuri hadi mwaka 1998, pale watafiti Glen Wheeler, Mark Jones na Nicholas Smirnoff wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walipoonesha kwamba sukari hupitia hatua kadhaa, zikiwemo za manosi na galaktosi, na hatua ya mwisho hukamilika ndani ya mitokondria za seli.

Ushahidi kwamba mmea hauwezi kukua bila vitamini hiyo ulitolewa mwaka 2007 na kundi la utafiti lililomshirikisha Smirnoff. Watafiti walitumia Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaopendwa na maabara kwa sababu hukua haraka. Walipata miche ambayo jeni zake mbili zinazosimamia hatua moja ya njia hiyo zilikuwa zimezimwa zote mbili. Mbegu ziliota, majani mawili ya kwanza yakafunguka, kisha ukuaji ukasimama. Miche ya namna hiyo ilipopewa vitamini C kutoka nje, iliendelea kukua. Jaribio hilo ni la msingi, kwa maana linatenganisha kitu ambacho mmea unakihitaji ili uishi na kitu kinachoufaidia tu.

Jambo lingine linalostahili kufahamika ni hali ya mbegu. Mbegu kavu ya nafaka au ya jamii ya kunde ina kiasi kidogo mno cha vitamini C, wakati mwingine karibu na sifuri. Utengenezaji huanza pale mbegu inaponyonya maji. Ndiyo sababu choroko zilizooteshwa ni chanzo kizuri zaidi cha vitamini hii mezani kuliko choroko kavu kutoka ghalani, na ndiyo sababu watafiti wengi wameelekeza macho yao kwenye kipindi cha kuota.

Kazi yake ndani ya jani

Jua la mchana katika nchi yetu huleta mwanga zaidi ya ule ambao jani linaweza kuutumia kwa usanisinuru. Hali huwa mbaya zaidi mmea ukiwa na kiu, kwa kuwa matundu madogo ya jani hufungwa kuzuia maji yasipotee, na hewa ya kabonidayoksaidi haiingii. Mwanga unaendelea kuja lakini kazi ya kuutumia imepungua. Sehemu ya nishati hiyo iliyozidi huishia kwenye oksijeni na kuigeuza kuwa kali, ikiwemo katika umbo la haidrojeni peroksidi, kemikali ileile inayouzwa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Ikirundikana, huunguza utando wa seli, protini na chembe za urithi. Majani yenye kingo zilizobabuka baada ya siku kadhaa za jua kali na udongo mkavu yanaonesha, kwa sehemu, madhara hayo.

Vitamini C ni mojawapo ya walinzi wakuu wa jani dhidi ya hali hiyo. Kwa msaada wa kimeng'enya maalumu hugeuza haidrojeni peroksidi kuwa maji. Yenyewe hubadilika katika kazi hiyo, lakini vimeng'enya vingine huirudisha katika umbo lake la awali ili itumike tena. Mzunguko huo ulipendekezwa na Christine Foyer na Barry Halliwell mwaka 1976, na baadaye ukaendelezwa na Kozi Asada wa Japani. Vitabu vya elimu ya mimea huuita kwa majina ya wote watatu. Kwa hiyo uwezo wa mmea kujilinda hautegemei tu wingi wa vitamini C iliyomo, bali pia kasi ya kuirudisha. Huwezi kununua kasi hiyo kwenye pakiti.

Zaidi ya ulinzi, vitamini C hushiriki katika kazi nyingine. Husaidia kimeng'enya kinachowezesha jani kutoa nje, kwa njia ya joto, mwanga uliozidi. Husaidia utengenezaji wa homoni za mmea, zikiwemo jiberelini zinazorefusha shina na ethilini inayoivisha matunda. Huhusika pia katika mgawanyiko wa seli na ujenzi wa kuta zake. Mmea wenye vitamini C kidogo hudumaa na huathirika haraka na uchafuzi wa hewa. Mimea ya kwanza ya Arabidopsis yenye upungufu huo iligunduliwa katika miaka ya 1990 kwa sababu ilidhurika na gesi ya ozoni kuliko wenzake.

Hata hivyo, zaidi si bora nyakati zote. Mwaka 2004 watafiti Chen na Gallie wa Marekani walichapisha matokeo ya mimea ya tumbaku iliyoongezewa uwezo wa kurudisha vitamini C. Matundu ya majani yake yalibaki wazi zaidi, ikapoteza maji mengi zaidi na ikavumilia ukame kwa shida kuliko mimea ya kawaida. Sababu ni kwamba haidrojeni peroksidi hiyo hiyo inayodhuru ikizidi, ikiwa kidogo ni ishara inayoliambia jani lifunge matundu wakati wa kiu. Ukiifuta kabisa, umefuta na ishara. Matokeo haya hayasemwi na wauzaji, na ni muhimu kwa mkulima wa maeneo yenye mvua haba.

Majaribio ya kuongeza vitamini C kutoka nje

Tafiti nyingi kuhusu kuipatia mimea vitamini C kutoka nje zimefanyika katika nchi zenye ardhi ya chumvi na kilimo cha umwagiliaji, hasa Misri, Pakistan na nchi za jirani zao. Njia zinazotumika ni tatu: kuloweka mbegu, kupulizia majani na kuchanganya katika maji yanayofika kwenye mizizi.

Jaribio linalotajwa mara kwa mara ni lile la Shalata na Neumann lililochapishwa mwaka 2001. Miche ya nyanya iliwekwa katika maji yenye chumvi kali, takriban gramu 17.5 kwa lita, ambayo ni karibu nusu ya chumvi ya maji ya bahari. Miche ilinyauka na kufa. Miche mingine iliyowekewa pia asidi ya askobiki, takriban miligramu 88 kwa lita, katika maji ya mizizi kabla na wakati wa adha hiyo ya saa tisa, karibu nusu yake ilipona na kuendelea kuishi. Vitu vingine vilivyojaribiwa ambavyo havina uwezo wa kuzuia uunguzaji wa oksijeni havikufaa. Sehemu yenye mafunzo zaidi ni hii: kiasi cha chumvi kilichoingia kwenye mimea hakikupungua kwa maana. Vitamini C ilipunguza uharibifu uliosababishwa na chumvi, lakini chumvi yenyewe ilibaki palepale.

Katika majaribio ya ngano, mahindi, maharage na mboga, viwango vinavyotumika kwa kupulizia huwa kati ya miligramu 50 na 200 kwa lita ya maji, ingawa wapo watafiti waliofikia 400. Mara nyingi huripotiwa ongezeko la urefu, uzito wa mmea mkavu, kijani cha majani na mavuno, hususan pale mmea unapokuwa katika adha. Msomaji wa taarifa hizo anashauriwa kuangalia mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya majaribio hufanyika kwenye vyungu au vitalu vidogo, mahali ambapo kila kitu kingine kimedhibitiwa. Pili, matokeo hubadilika kwa aina ya mbegu, umri wa mmea na ukali wa adha. Mmea usio na adha hupata faida ndogo au hakuna kabisa.

Sababu ya hilo inaeleweka kwa hesabu. Ndani ya kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli, vitamini C ya mmea wenye afya hufikia gramu kadhaa kwa lita ya kimiminika kilichomo. Maji yanayopulizwa yana gramu 0.1 au 0.2 kwa lita, tena yanatua juu ya ngozi ya jani iliyofunikwa na nta, na sehemu inayopenya hukutana na kimeng'enya kwenye kuta za seli ambacho kazi yake ni kuivunja. Si busara kudhani kwamba tunalijaza jani kama tunavyojaza mtungi. Tunachofanya ni kuliongezea ulinzi kidogo kwa muda mfupi, na pengine kuliamsha lijilinde lenyewe.

Ni lazima isemwe wazi pia kwamba asidi ya askobiki si mbolea. Imeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni peke yake. Haina naitrojeni, fosforasi, potasiamu, zinki wala madini mengine yoyote. Shamba la mahindi lililogeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni halitabadilika kijani kwa vitamini C.

Vipimo na maji ya kuchanganyia

Kwa anayetaka kujaribu, hesabu ni rahisi. Kiwango cha miligramu 100 kwa lita maana yake ni gramu 2 katika bomba la mgongoni la lita 20. Ekari moja inayohitaji mabomba kumi hutumia gramu 20, na kwa kiwango cha miligramu 200 hutumia gramu 40. Gramu 20 ni sawa na vidonge 40 vya miligramu 500. Ni kiasi kidogo kinachohitaji mizani ndogo. Kukisia kwa kijiko ndiko kunakoleta tofauti kubwa kati ya bomba moja na jingine.

Unga wa asidi ya askobiki safi ndio unaofaa. Vidonge vya dukani vina viungo vingine: vya kutafuna vina sukari, ladha na rangi, na vile vinavyotoa povu ndani ya maji vina magadi, yaani sodiamu, kitu ambacho mkulima mwenye udongo wa chumvi hapaswi kukiongeza kwa hiari yake.

Vitamini C huharibika upesi. Hewa, joto na mwanga huivunja, na uharibifu huwa wa kasi zaidi katika maji yasiyo na uchachu, maji ya magadi hasa, na palipo na chembe za chuma au shaba. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima yenye magadi au yale yanayoacha kutu kwenye ndoo. Mchanganyiko utayarishwe siku hiyohiyo na utumike mara moja, jioni au asubuhi mapema. Uliolala usiku kucha ndani ya bomba umepoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa sababu hiyohiyo usichanganywe katika bomba moja na mrututu au dawa nyingine za ukungu zenye shaba, ambazo wakulima wa kahawa na nyanya wanazijua vizuri. Shaba itaiteketeza vitamini kabla haijafika kwenye jani. Aidha, vitamini C nyingi ikikutana na chuma inaweza kuzalisha hizo hizo kemikali kali ambazo ililetwa kuzizuia, na hii ni sababu nyingine ya kutozidisha kipimo.

Wapo watakaofikiria malimau. Lita moja ya maji ya limau ina takriban miligramu 400 hadi 500 za vitamini C, hivyo gramu 2 za bomba moja zingehitaji zaidi ya lita nne za maji ya limau. Kiasi hicho kingebeba gramu 200 hivi za asidi ya sitiriki, uchachu unaoweza kubabua majani machanga. Malimau yabaki jikoni.

Kuhusu usalama, asidi ya askobiki hutumika katika vyakula duniani kote na haiachi mabaki yenye sumu kwenye mazao. Unga wake, hata hivyo, ni asidi, usiingie machoni.

Kuloweka mbegu

Njia hii ndiyo yenye gharama ndogo zaidi na, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza. Viwango vinavyotumika katika tafiti nyingi ni kati ya miligramu 90 na 180 kwa lita. Mbegu hulowekwa kwa saa kadhaa, kwa kawaida usiku mmoja kwa mahindi na ngano, kisha hukaushwa kivulini na kupandwa.

Hapa pana mtego. Kuloweka mbegu katika maji matupu usiku mmoja, bila kitu kingine chochote, peke yake huharakisha kuota. Jambo hilo lilijaribiwa na wakulima wenyewe mashambani nchini India, Pakistan na Zimbabwe, na wakulima wetu wa mpunga hulifanya kila msimu kabla ya kusia kitalu. Kwa hiyo anayelinganisha mbegu iliyolowekwa katika vitamini C na mbegu kavu hajapima vitamini C, amepima maji. Ulinganisho wa haki ni kati ya mbegu za maji matupu na mbegu za maji yenye vitamini C, kutoka mfuko mmoja, zilizolowekwa kwa muda mmoja. Tofauti ikiwepo, ni hiyo.

Mbegu za viwandani zilizopakwa dawa, ambazo hutambulika kwa rangi yake, zisilowekwe. Kufanya hivyo huondoa dawa iliyolipiwa na humwachia mlowekaji sumu mikononi na ndani ya ndoo. Vilevile mbegu iliyolowekwa haifai kwa anayepanda kwenye udongo mkavu akisubiri mvua, kwa kuwa imekwisha kuanza safari ya kuota na unyevu usipokuwepo itakufa.

Palipo na chumvi, dawa ni kuiondoa

Tatizo la chumvi na magadi katika udongo si la Misri na Pakistan tu. Limeripotiwa katika skimu za umwagiliaji za mkoa wa Kilimanjaro, zikiwemo za Moshi chini na Ndungu wilayani Same, na kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba ambako maji ya bahari huingia mashambani. Mazao hayalingani kwa uvumilivu. Kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, maharage huanza kupoteza mavuno udongo unapofikia 1.0, mahindi 1.7, nyanya 2.5 na mpunga 3.0, wakati pamba huvumilia hadi 7.7. Mkulima wa maharage anayepulizia vitamini C katika udongo wa 4 anapigana vita asivyoweza kushinda. Angebadili zao angepata zaidi.

Udongo wenye chumvi ya kawaida husafishwa kwa maji mengi yanayopita na kutoka kwenye mifereji ya kutolea maji. Mifereji ikiziba, kila umwagiliaji huongeza chumvi juu. Udongo wenye magadi huhitaji jasi, ambayo kalisi yake huchukua nafasi ya sodiamu, kisha maji ya kuisukuma sodiamu nje. Jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same kwenyewe, si mbali na baadhi ya mashamba yanayoihitaji. Kupima udongo ndiyo hatua inayotangulia yote: Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro ni miongoni mwa mahali penye wataalamu wa kazi hiyo. Vitamini C ina nafasi yake baada ya hapo, kwa miche michanga inayovuka siku ngumu.

Maabara na mbegu za kesho

Upo mahali ambapo asidi ya askobiki hutumika kila siku katika kilimo bila mjadala, nao ni maabara za kuzalisha miche ya migomba kwa chupa. Kipande cha mgomba kikikatwa hutoa utomvu unaogeuka mweusi kikikutana na hewa, na weusi huo unaweza kuua tishu. Vitamini C katika maji ya kuoshea au katika chakula cha miche huzuia hali hiyo, sawa na mpishi anavyotia limau kwenye ndizi zilizomenywa.

Watafiti wengine wamejaribu kuongeza vitamini C kwa kubadili jeni za mmea badala ya kuipulizia. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Lleida, Hispania, lilitangaza mahindi meupe ya asili ya Afrika Kusini yaliyofanywa kuwa na vitamini C mara sita ya kawaida, pamoja na ongezeko la vitamini nyingine mbili. Lengo lake lilikuwa lishe ya mlaji zaidi kuliko ukuaji wa mmea. Nchini Tanzania mazao yaliyobadilishwa vinasaba hayajaruhusiwa kulimwa kibiashara.

Kabla ya kununua

Mbolea na visaidizi vya mbolea husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) kwa mujibu wa Sheria ya Mbolea Na. 9 ya mwaka 2009, na viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) iliyoundwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2020. Chupa ya busta inayodai kukuza mazao na papo hapo kutibu ukungu imevuka mpaka kati ya mamlaka hizo mbili, na muuzaji wake aulizwe usajili wa yote mawili. Lebo inapaswa kueleza kilichomo na kwa kiasi gani. Palipoandikwa "vitamini" bila kutaja ni ipi wala ni miligramu ngapi, mnunuzi hawezi kupiga hesabu zilizooneshwa hapo juu. Dai stakabadhi, na uitunze hadi mavuno.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza asianze na shamba zima. Atenge matuta yanayofanana: mengine yasipulizwe kitu, mengine yapulizwe maji matupu, mengine maji yenye vitamini C, na mpangilio huo urudiwe angalau mara tatu katika sehemu tofauti za shamba ili rutuba ya sehemu moja isipotoshe matokeo. Mavuno ya kila tuta yapimwe kwa mizani na yaandikwe, kisha thamani ya kilo zilizoongezeka ilinganishwe na gharama ya dawa na ya kibarua aliyepulizia. Afisa ugani wa kata anaweza kusaidia kupanga matuta hayo kabla ya msimu kuanza, na takwimu za mkulima mmoja zikiunganishwa na za majirani zake wanne au watano wenye udongo unaofanana, zitakuwa na uzito zaidi kuliko maelezo yoyote ya kwenye chupa.